Mimba Isiyotajwa

Talatu aliung'ang'ania mchi, akauma meno. Uchungu ulipopita akajifanya alikuwa anakaza nguo kiunoni, akaendelea kutwanga uwele. Mama mkwe wake, Delu, alikuwa kibarazani akimenya karanga, kampa mgongo. Huko kwao Daura mimba ya kwanza haitajwi mbele ya mama mkwe, wala yeye mwenyewe haitaji. Kwa hiyo tumbo lile, kubwa kama kibuyu cha maji, hapo nyumbani hakuna aliyeliona.

Lakini mkunga wa zahanati alishamwonya: mtoto ametanguliza matako, asizaliwe nyumbani, uchungu ukianza tu aje mbio. Tangu asubuhi Talatu alilitafuta neno la kumwambia Delu, haya ikamziba mdomo.

Ndipo akaingia Gambo, binti wa mjomba wake, kuazima chekeche. Hao ni watani, na mtani hakatazwi neno.

"Hamjambo humu? We mtwangaji, mbona mchi unapumzika kama mzee aliyeshiba ugali wa tuwo?"

"Niache, kichwa cha bundi," Talatu alinong'ona.

"Na hilo jasho?"

"Jua."

"Jua limekuingia tumboni?" Gambo akaketi, akachota karanga za Delu, akatafuna. "Haya, mimi sina haraka. Ukiwa tayari kusema, niite."

Delu akakohoa. Hakugeuka.

Uchungu ukarudi kwa nguvu, maji yakamchuruzika miguuni. Talatu akamkumbuka mkunga, haya yote ikamtoka.

"Nazaa, mwehu wewe! Tema karanga unishike!"

Delu akajifunika uso kwa mtandio, akauambia ukuta: "Gambo, nyuma ya ghala kuna punda kafungwa mkokoteni tangu alfajiri. Sijui nani kamfunga. Na godoro limo, sijui nani kaliweka."

"Kumbe ulijua, mama!" Talatu akalia.

"Nani anasema na mimi? Sijui lolote. Nendeni, mnachelewa!"

Walimkuta mkunga mlangoni pa zahanati. Ilikuwa kazi, lakini mtoto alitoka, wa kike, matako mbele, akapiga kelele kama aliyeibiwa. Talatu, hoi kitandani, akasikia sauti anayoijua nje ya dirisha.

"Gambo, hicho kinacholia humo kina vidole vyote?"

"Vyote, mama. Ingia umtazame."

"Nimtazame nani? Mimi napita tu."

Na hapo dirishani hakubanduka mpaka jua likazama.