Odhiambo Ndani ya Simu

Lynnet alifika kwangu Kisegi akitoka Migori, na kabla hajaonja hata uji akanipa simu yake.

"Dani, cheza hii gemu. Nimeitengeneza mwenyewe. Kesho naiweka mahali watu wataichukua kwa simu zao, lakini wewe kwanza."

Lynnet ni mtoto wa mwanangu; Dani ni nyanya kwa lugha yetu. Alilelewa mjini na mama yake Kemuma, ambaye ni Mkisii, kwa hivyo mimi na yeye huongea Kiswahili, chake cha mji na changu cha soko.

Nikavaa miwani. Ndani ya simu kulikuwa na giza, na ndani ya giza mtu mdogo mwenye tochi kichwani. Yuko chini ya shimo la dhahabu. Udongo unaporomoka nyuma yake, naye lazima akimbie, aruke mawe, apande kamba mpaka atoke. Juu ya kichwa chake kumeandikwa jina. Nililisoma polepole. Odhiambo. Jina la mwanangu.

Nilianza kufinya kioo.

"Dani, polepole! Unafinya ni kama unakamua mbuzi."

"Mbuzi husimama. Huyu wako anateleza."

Udongo ukamfunika, na mimi nikashika kifua. Halafu nikamwona amesimama tena pale chini, mzima.

"Amefufuka?"

"Kwa gemu mtu hufa mara nyingi, Dani. Unaanza tu tena."

"Wetu alikufa mara moja."

Baba yake Lynnet aliingia shimoni kuchimba dhahabu huko Macalder asubuhi, na shimo likajifunga. Wanaume walichimba mpaka udongo ukataka kuwameza na wao, wakaacha. Kwetu mwili ukikosekana tunazika tunda la yago mahali pake, lile refu zito. Tuliliombea kama mtu, tukalizika kando ya nyumba. Lynnet alikuwa mtoto wa kubebwa mgongoni.

Nilicheza tena na tena hadi vidole vikazoea. Mwishowe akatoka. Jua likajaa simu, pakaandikwa UMETOKA, basi. Chai niliyokuwa nimeteleka ilikuwa bado haijachemka.

"Sasa niambie ukweli," Lynnet akasema. "Uzuri na ubaya."

"Giza umelipata. Tochi yake inaonyesha tu pale mguu unapokanyaga. Na ile sauti ya kokoto kabla udongo haujaanguka inanitia baridi. Ukimwambia ruka, anaruka. Ni kazi nzuri, nyathina, mtoto wangu."

"Na ubaya?"

"Wale wachimbaji wengine umewafanya kama mawe. Anawaruka tu, hata kuwaangalia hawaangalii. Baba yako hangeruka mtu. Halafu ni fupi."

"Kila mtu ananiambia ni fupi. Niongeze shimo lingine?"

"Shimo la nini? Akitoka anaenda wapi? Huko juu umeweka jua peke yake. Siku ile mimi nilikuwa hapo juu, nimembebea nguo kavu. Hujaniweka."

Akainamisha kichwa. "Sikujua ulikuwa hapo." Akaichukua simu. "Nilitaka tu kuwe na mahali pamoja ambapo anatoka. Ndiyo maana nikaweka jina lake. Lakini ukikataa, Dani, nalitoa."

Nilitaka sana kumkubalia. Nikatazama nje, kule kando ya nyumba.

"Litoe," nikasema. "Tulishamzika. Watu wote hao watakuwa wanamwita juu kila siku, na hapa ana kaburi. Usimfanye mtu wa kuzurura."

Akafuta herufi moja moja, machozi yakimdondoka mkononi. Alipomaliza akaniwekea simu mapajani, akachukua ndoo, akaenda kuteka maji.

Yule mtu alisimama chini ya shimo bila jina. Nikampandisha. Sikukosea hata mara moja, mpaka nikamfikisha kwenye kamba ya mwisho, pale ambapo ukifinya tu anatoka na gemu inaisha. Kidole kikakataa. Hapo ndipo nikaona uzuri mwingine ambao sikuwa nimemwambia Lynnet: usipomgusa, anapumua. Mabega yanapanda, yanashuka.

Lynnet akarudi na ndoo, akachungulia juu ya bega langu.

"Finya basi, Dani, amefika."

"Ngoja."

"Betri inaisha."

"Naona," nikasema, na nikaishika simu kwa mikono yote miwili.