Hofu ya Zadock

Zadock alikuwa akinywa uji kwenye kibanda cha mkewe Phelesia, hapo kijijini Masara, hofu ilipomvamia bila kubisha hodi. Moyo ukamwenda mbio, vidole vikafa ganzi, pumzi ikamkatika. Kisha ardhi chini ya kiti ikatitia, naye akashuka nayo hadi kimo cha mtu mzima, kikombe mkononi. Phelesia akamteremshia ngazi, akamwongezea uji, kwa kuwa ule mwingine ulikuwa umemwagika.

Ilikuwa hivyo tangu shimo la dhahabu la Machuki limporomokee akiwa ndani. Walimfukua mzima, Machuki akamletea kuku wa pole, na mambo yakaisha. Kwa Machuki, yaani.

Katika kliniki moja mjini Migori, Daktari Edinah alimpa vidonge vya diazepamu. Alimweleza kuwa hofu yake ni ugonjwa wenye tiba, kwamba vidonge ni vya muda mfupi tu, na kwamba asiviache ghafla. Zadock akameza. Ardhi ikatulia. Usiku huo alilala hadi jogoo alipowika, na Phelesia akalia kwa furaha.

Masara ikanuna. Machuki alikuwa ameshazoea kumketisha kwenye viwanja vyake vipya, maana hofu ya Zadock ilimaliza kwa asubuhi moja kazi ya kuchimba ya kundi zima la vijana, tena bila kudai chakula cha mchana.

"Omera, ndugu yangu, hii dawa ni kali, itakuzoesha vibaya," alimwambia. "Wacha nikuwekee."

Akaifungia kabatini mwake. Mchungaji naye akahubiri dhidi ya wanaotegemea vidonge badala ya Mungu, halafu akamwomba Zadock apitie Jumatano. Kanisa lilihitaji choo. Kilipatikana, cha wanaume na cha wanawake.

"Huyu ni bwanangu, si jembe," Phelesia aliwaambia.

Wakatikisa vichwa kukubali, wakauliza kama Alhamisi ana nafasi.

Phelesia akamrudisha kwa daktari. Edinah alisikiliza hadi mwisho, akakasirika kwelikweli. Kumkatia mgonjwa dawa hii ghafla ni hatari, alisema. Akamwandikia nyingine, akaahidi kumtafutia mshauri wa kuongea naye polepole kuhusu lile shimo. Kisha akavua miwani, akaifuta.

"Jumamosi, kabla ya kumeza, pitieni kwangu kidogo. Pale nyumbani maji ni shida."

Jumamosi walimketisha Zadock kwenye kiti cha plastiki nyuma ya jiko la daktari, wakampa chai, wakamwomba akumbuke giza la lile shimo la Masara. Alikumbuka. Kufikia adhuhuri maji yalikuwa yamepatikana, safi na baridi, na mchungaji aliyealikwa akaanza kukibariki kisima. Huko chini, maji yakimfika magotini, Zadock alitoa kidonge kwenye mfuko wa shati, akakisukumia kwa maji hayo hayo. Yalikuwa matamu. Akaita ateremshiwe ngazi. Juu walikuwa bado wamefumba macho, na maombi ya kisima huwa marefu.