Maji ya Chura

Mzee mpima ardhi alistaafu akiwa na magoti mabovu, macho mazima na mtoto mmoja asiyeongea naye. Mtoto huyo, kitinda mimba wake, alifariki kazini, katika duka la kutengeneza simu, akiwa ameinamia simu ya mteja. Mshipa ulipasuka kichwani. Mteja alidhani amesinzia, akamsubiri kwa adabu.

Mwaka uliofuata, Jumamosi moja baada ya chakula cha mchana, rafiki wa marehemu alikuja nyumbani kwa mzee. Alikuwa mwanamume mnene wa sauti ya chini, anayefikiri kwanza ndipo ajibu, na kwa sababu hiyo wenzake walimwita Kobe. Mzee alimkumbuka kutoka mazishini. Siku hiyo Kobe alilia kuliko ndugu, hadi watu wakaulizana huyu ni wa ukoo upi. Mzee alimkaribisha sebuleni, na binti yake, mfamasia aliyerudi kuishi na baba kwa ajili ya yale magoti, akaleta chai.

Kobe alikizungusha kikombe mkononi muda mrefu kabla ya kusema lililomleta.

"Mzee, nimekuja kwa ajili ya gemu yetu. Bonde."

Mzee alilijua jina hilo, tena kwa ubaya. Kwa miaka mingi kijana wake alikuwa akitoka dukani, anakula amesimama, kisha anajifungia na kompyuta. Alikuwa akitengeneza mchezo na watu ambao hajawahi kuonana nao, mchezo wa kugawa bure kwa yeyote autakaye. Mzee alimuuliza mara nyingi nani atalipa. Kijana alicheka tu. Siku moja mezani mzee alichoka kuuliza. Alisema, "Kazi isiyolipwa si kazi. Ni uvivu unaotoa jasho." Kijana alimaliza chakula chake, akaosha sahani, na wiki hiyohiyo akahama. Tangu hapo wakawa wanasalimiana kwenye misiba ya watu.

"Kuna kampuni inataka kuinunua," Kobe alisema.

"Kitu cha bure kinanunuliwaje?"

"Ndiyo shida yenyewe, mzee."

Akaeleza taratibu. Bonde ilikuwa gemu ya chanzo huria. Mtu yeyote aliruhusiwa kuichukua, kuifungua matumbo, kurekebisha, kuongeza, hata kuiuza akitaka. Jambo moja tu alikatazwa: kuifunga. Alichoongeza lazima nacho kibaki wazi kwa wanaokuja nyuma. Kampuni ilitaka kufuli hilo hasa, maana bila kufuli hakuna atakayelipa.

"Na sharti hilo halibadilishwi na mtu mmoja," alisema. "Kila aliyetia mkono bado ni mwenye kipande chake. Lazima wote wakubali. Wamekubali wote. Amebaki yeye."

"Yeye amekufa."

"Ndiyo, mzee. Kwa hiyo umebaki wewe."

Mzee aliweka kikombe chini. "Kwani yeye alitia nini humo?"

"Kodi ya maji."

"Maji gani tena? Alikuwa anadaiwa?"

Binti alifunika mdomo kuzuia kicheko. "Si kodi ya nyumba, Baba. Ndivyo wanavyoita yale maandishi yanayoiambia kompyuta la kufanya."

"Maji yote ya Bonde ni yake," Kobe alisema. "Mvua, mito, mafuriko. Hakuna mwingine aliyegusa hapo."

Mzee alimtazama mgeni wake. Shati lilikuwa limepigwa pasi upande wa mbele tu. Chini ya macho palikuwa pamevimba.

"Na wewe mwenyewe unataka nini?"

Kobe alifikiri. "Nataka kupumzika, mzee. Miaka yote hii nikiamka nakuta watu wananidai. Hiki kimeharibika, kile hakifanyi kazi, umelala wapi wewe. Watu ambao hawajawahi kuniambia asante. Juzi mke wangu kaniuliza, je, watoto wangu wakiniandikia malalamiko kama wale, nitawajibu upesi?" Alikunywa funda la chai. "Kampuni itaniajiri. Nitafanya kazi ileile, lakini mchana, kama watu."

Mzee aliona moyo wake umelainika, na ndani ya ulaini huo kulikuwa na kitu kingine, kama furaha. Kumbe kazi ile ilikuwa na bei. Kijana wake angelipwa hatimaye, japo kaburini. Akaomba kalamu.

"Baba," binti alisema, "lala nalo kwanza."

Kobe hakubisha. Alishukuru kwa chai, akaaga, akaondoka.

Jikoni, binti alisuuza vikombe bila kugeuka. "Unataka kumlipa," aliuliza, "au unataka kumshinda?"

"Sasa unaongea kama mama yako."

"Na mama angekuuliza hivyohivyo. Mimi sijui mdogo wangu angesema nini, Baba. Labda angemhurumia Kobe akakubali. Lakini alichotoa alikitoa kwa sharti, na hakulificha."

"Basi nionyeshe hicho kitu," mzee alisema.

Binti aliiweka Bonde kwenye kompyuta yake ya zamani na kumfundisha baba yake kuiendesha. Siku za mwanzo mzee alitumbukia visimani na kugonga kuta za watu. Wachezaji wengine, wa kila pembe ya dunia, walimtoa bila kumcheka sana. Alijiita Mpima, kwa kuwa hakuona sababu ya kujificha.

Lilikuwa bonde pana chini ya vilima. Kila mchezaji alipewa kiwanja, akachimba mifereji, akapanda, akajenga. Mvua ilikuja ilipotaka. Mzee alijenga nyumba yake ya kwanza mahali pazuri pa kutazama, na mvua ikaisomba. Alijilaumu kwa sauti, mtu wa kazi kama yake kujenga kwenye njia ya maji. Akahamia juu. Halafu akaacha kucheza, akawa anatazama tu.

Maji yale hayakusambaa kama chai iliyomwagika mezani. Yalitafuta pa chini. Yalipofika kwenye kona yalikula ukingo wa nje na kuacha mchanga ukingo wa ndani, na msimu uliofuata mto ulikuwa umejichimbia njia nyingine. Mzee aliyafahamu hayo kwa miguu yake. Alikuwa ameyatembea maisha yake yote. Na kila likizo ya shule alimchukua yule mdogo amshikie fimbo ya kupimia, asimame kule mbali kwenye majani hadi aambiwe ahame. Mtoto alikuwa akiuliza maswali kutoka kule, kwa kupaza sauti, na yeye, jicho kwenye darubini, alikuwa akimjibu kwa mkono: sogea, sogea, basi. Alidhani mtoto anauliza kwa sababu amechoka kusimama.

Jirani yake huko Bondeni alikuwa mwalimu wa kike aliyeitumia gemu hiyo kufundishia darasani, kwa kuwa shule yake haikuwa na uwezo wa kununua kitu. Mzee alimwandikia, kidole kimoja kikitafuta herufi: Nani alitengeneza maji haya?

Jibu lilikuja upesi. "Chura. Ametutoka mwaka jana. Tulimwita hivyo kwa sababu alikuwa habanduki kwenye maji. Siku tuliposikia, Kobe alizima mvua Bonde zima, kutwa nzima. Wanafunzi wangu waliniuliza kuna nini, nikawaambia tuko msibani."

Mzee alivua miwani ya kusomea. Nyumbani kijana alikuwa na jina la utani alilopewa na mama yake. Haikuwahi kumjia akilini kwamba watu wa nje nao walikuwa wamempa lao, tena wakamlilia kwa jina hilo.

Alimpigia Kobe simu aje.

"Siwezi kukubali, mwanangu," alimwambia, wakiwa wameketi kwenye viti vilevile. "Angekuwa hai, mngekaa mkabishana, labda ungemshinda. Hayupo. Nikikubali mimi, nitakuwa nimemwekea maneno mdomoni, na nilishamwekea mengi."

Kobe aliitikia kwa kichwa polepole. "Nimekuelewa, mzee. Basi itabidi tuyatoe."

"Mtoe nini?"

"Maji yake." Kobe hakuinua macho. "Wanasheria wao walishasema. Kipande ambacho mwenyewe hajakubali kinaondolewa, na pale panaandikwa kingine kipya."

Mzee alimgeukia binti yake kana kwamba amesikia vibaya. Binti naye alikuwa amekaza macho kwa Kobe.

"Hilo hukulisema siku ile," mzee alisema.

"Niliogopa ungeona nakutisha ili ukubali."

"Nani atayatoa?" binti aliuliza.

"Mimi. Hakuna mwingine anayeyajua."

Nje mtu alipita akisukuma mkokoteni wenye gurudumu bovu, na wote watatu wakausikiliza hadi ukatokomea.

"Na nikikubali?"

"Yatabaki, mzee. Ila yatafungiwa humo pamoja na mengine yote."

"Ungekuwa wewe ndiye baba yake, ungefanyaje?"

"Ningekubali," Kobe alisema, na safari hii hakuchelewa. "Ili abaki mahali."

"Na ungekuwa ndiye yeye?"

Kobe alijifuta uso kwa kiganja. Kisha akasimama kuaga. Alipoondoka, jibu la mzee lilikuwa limebaki palepale. Binti alimsindikiza mgeni hadi barabarani, na aliporudi alimkuta baba yake amekaa kwenye kiti cha Kobe, anatazama kile alichokuwa amekalia mwenyewe.

Kazi ya kuyatoa maji ilimchukua Kobe majuma mengi. Mzee hakuomba habari zake. Ndipo siku moja Kobe mwenyewe akapiga simu, kwa sauti ya mtu anayeomba radhi kabla hajakosea.

"Mzee, naona aibu. Haya mapya hayajui kushuka. Yanasimama kwenye mteremko kama ukuta. Na siruhusiwi kuyatazama ya Chura, nisije nikanakili. Wewe ulikuwa mpima. Labda ungenieleza tu, kwa maneno, maji yanafanyaje."

Mzee alitaka kukata simu. Alikumbuka kwamba kijana wake aliwahi kumpigia hivyohivyo, miezi michache baada ya kuhama, akauliza kwa nini mto uliopinda huzidi kupinda. Yeye alimjibu kwamba yuko kazini, na akauliza kama amepata kazi ya maana.

"Una karatasi?" alimuuliza Kobe.

Alimweleza alasiri nzima. Alimweleza habari za mteremko na udongo, maji yanavyochoka yakifika tambarare na kutua mzigo wake, na kwa nini ukingo wa nje huliwa. Kobe alipouliza jambo mara ya pili, alilirudia bila haraka. Simu ilipata moto sikioni akaihamishia upande wa pili.

Binti aliporudi kutoka kazini alishangaa. "Umewasaidia haohao, Baba?"

"Ameniuliza," mzee alisema.

Bonde jipya lilitoka likiwa na rangi nzuri na kufuli lake. Watu walilipa, na wengi walilisifu. Mzee hakulifungua. La zamani lilibaki huria, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na haki ya kuwanyang'anya watu walichokwisha kupewa, lakini uhuru wake ulikuwa kama wa nyumba iliyoachwa wazi na wenyewe wakahama. Kobe alikuwa ametia sahihi kwamba hataligusa tena. Wenzake waliokuwa wakilitengeneza walimfuata mmojammoja. Mahali palipoharibika pakabaki hivyo. Wachezaji walipungua, viwanja vikaota majani, mifereji ikaziba.

Mwisho likaja tangazo. Mashine iliyowakutanisha watu Bondeni ilikuwa nyumbani kwa Kobe, na Kobe anahama. Itazimwa. Atakayetaka anaweza kubaki na nakala yake nyumbani, acheze peke yake.

Siku hiyo walikuwa wamebaki wachache sana. Mwalimu alikuwepo, akizunguka viwanja vya wanafunzi wake. Aliandika kwamba wale ambao wazazi wao wana uwezo wamehamia kule kupya, na waliobaki amewarudisha kwenye kitabu. Hakuandika kwa hasira. Mvua ilikuwa imeanza kwenye vilima, na maji yalikuwa yanashuka kuelekea kwao, yakifuata njia zake yenyewe.

Mzee aliandika: Mimi ndiye baba yake Chura.

Jibu lilichelewa.

"Mbona siku zote hizi hukusema?"

"Sikujua nianzie wapi," aliandika.

Aliona kwamba mwalimu ameanza kuandika tena. Akasogeza kiti karibu na kusubiri. Kisha kioo kikatoa neno moja, kwamba mawasiliano yamekatika, na bonde likaganda na mvua yake katikati ya mteremko.

Binti alimkuta bado ameketi hapo. Alifunika kompyuta, akapasha chakula moto, akamletea mezani na kuketi mbele yake.

"Mdogo wako alikuwa anapenda kula nini," mzee aliuliza, "huko alikohamia?"

Binti alifikiri, kijiko mkononi.

"Sijui, Baba," alisema. "Kila nilipokwenda nilimkuta ameshakula."