Ubavu wa Kulia

"Mama Shafiki, mbona mutoto umemulaza kama mutu anataka kukata roho?"

Shakirah aliuliza hivyo akiwa bado mlangoni mwa wodi, chupa ya uji mkononi, na wagonjwa wote wakasikia. Hawah ndiyo kwanza alikuwa amemgeuza mwanawe kama nesi alivyomfundisha. Akatazama. Kweli, Shafiki alikuwa amelala ubavu wa kulia, uso dirishani, na dirisha lile lilielekea barabara ya Koboko, ndiko kibla iliko. Kulala kulia ni sunna. Lakini kulia na kibla pamoja, kwa mgonjwa asiyejiweza, ni kuagwa. Ndivyo alivyomlaza marehemu mumewe, kwa mikono hiyo hiyo.

"Astaghfirullah," akasema, akamrudisha mwanawe chali.

"Mimi sina neno, jirani. Lakini mutaa yetu ya Oli nzima iko inauliza mimi habari ya mutoto. Nitasema nini?"

Shafiki alikuwa akibeba abiria kwa pikipiki kati ya Arua na Koboko, mpaka lori lilipomsukuma mtaroni. Uti wa mgongo ukavunjika. Toka kiunoni kushuka chini hakuhisi kitu, hata ungemwekea kaa la moto. Daktari alisema miguu ndiyo basi tena, lakini uhai utabaki, mradi ngozi isioze kwa kulaliwa.

Ngozi ilikuwa kazi ya Annie, nesi kijana mzaliwa wa Lurujo aliyerudi masomoni na mambo mapya. Zamani wodini humo, mgonjwa asiyejigeuza alisuguliwa kwa spiriti asubuhi, yakaisha. Annie akakataza. Alisema utafiti umeonyesha kwamba kusugua mahali palipoanza kuumia kunaponda nyama ya ndani. Kinga ni kumgeuza mtu, chali, kushoto, kulia, mchana na usiku.

Sista Helen, nesi mkongwe wa wodi, akacheka. "Huo utafiti walifanyia Arua hapa?"

"Ngozi ni ngozi, sista."

"Haya. Na usiku, nesi peke yako, utageuza wangapi?"

Hapo Annie akaanza kuwafundisha akina mama wanaouguza, wale wanaolala kwenye mikeka chini ya vitanda. Hawah alishika somo upesi. Alimpenda binti yule. Alimwombea katika kila swala.

Lakini tangu swali la Shakirah, Hawah alimgeuza mwanawe chali, kisha kushoto. Chali, kisha kushoto. Upande wa kulia alimwachia Mungu. Annie akipita, huuliza, "Mama, mnamgeuza?"

"Tunamgeuza, mwanangu."

Wala hakudanganya. Na Annie, mwenye wodi nzima mabegani, hakuuliza ni upande gani.

Harufu ndiyo iliyosema kwanza. Hawah alidhani inatoka kitanda cha pili. Kisha homa ikampanda Shafiki, akaanza kuwaita abiria wasiokuwepo: "Koboko! Koboko! Bado mmoja, twende!" Annie alipofunua shuka, nyonga ya kushoto ilikuwa shimo, na cheupe kilichoonekana ndani yake hakikuwa usaha. Kilikuwa mfupa.

Annie akapapasa nyonga ya kulia. Ngozi ilikuwa nzima, laini kama ya mtoto mchanga.

"Mama, huku humlazi kabisa?"

"Huko ni kibla. Sisi hivyo tunalaza mtu wa kufa. Nimwitie mauti mwanangu mwenyewe?"

Annie akatazama dirisha, akatazama kitanda. "Mama, tungehamisha mto tu. Kichwa huku, miguu kule. Akilalia ubavu wa kulia, uso ungeelekea ukuta."

Jambo lenyewe lilikuwa jepesi hivyo.

"Hukuniuliza," Hawah akasema.

"Sikukuuliza." Annie akainama, akaanza kuosha kidonda.

"Atapona?"

"Sumu imeingia kwenye damu. Dawa tunampa. Sitaki kukudanganya, mama."

Wakamgeuza, kichwa mahali pa miguu, ubavu wa kulia, uso ukutani. Shafiki hakuita tena abiria. Alihema juu juu, macho nusu wazi, na Hawah akakaa kumfukuzia nzi kwa ncha ya khanga, midomo yake ikisoma dua.

Alasiri Shakirah akaja na chupa yake. Akasimama pale ilipozoea kuwa miguu, akakuta kichwa.

"Hee, Mama Shafiki! Sasa mbona mumemupindua tena? Hii ulazaji gani?"

Hawah hakupandisha sauti. Alishika pembe ya shuka, akaifunua polepole, kama mtu anayemfunulia mgeni sahani ya chakula.

"Karibu, jirani. Njoo unishikie miguu tumgeuze. Nesi iko peke yake."

Shakirah akaona. Akaiweka chupa ya uji sakafuni, akajiziba pua kwa mtandio, akatoka.