Somo la Nne Limeahirishwa

1.

TANGAZO
*(limebandikwa mlangoni mwa kanisa, Mtaa wa Isovele)*

Semina ya Uaminifu na Uongozi wa Kimungu, kwa wazee wote wa kanisa. Mwalimu ni Mwinjilisti Obadia Tweve.

Somo la kwanza: Musa, aliyekubali kusaidiwa.
Somo la pili: Yoshua, aliyechagua mbele ya watu.
Somo la tatu: Samweli, aliyewauliza watu kama amemdhulumu yeyote.
Somo la nne: Ahabu, mfalme aliyelitwaa shamba la jirani yake Nabothi.
Somo la tano: Danieli, aliyeomba madirisha yakiwa wazi.

Kilele ni Jumapili, Baba Mchungaji Chaula atakapokuja kutoa Chakula cha Bwana. Ataondoka saa nane mchana. Wenye shida za kiroho wamwone mapema, kwani hatarudi kabla ya miezi mitatu.

*(Chini, kwa kalamu ya bluu:)* Somo la nne limeahirishwa. O. T.

2.

Jumapili hiyo, saa tano, Sekela alimkuta Obadia nyuma ya kanisa akipanga vitabu vya nyimbo.

"Kamwene, Mwinjilisti."

"Kamwene, Sekela. Mama anaendeleaje?"

"Juzi alikataa uji. Leo hata maji hayapiti." Alikuwa amepanda kilima mbio, na pumzi zilikuwa bado hazijamrudia. "Anauliza kama barua yake imesomwa."

"Barua gani?"

Sekela alimtazama.

"Niliyokupa mkononi, mwezi wa pili. Uliiweka ndani ya Biblia mbele ya macho yangu. Sasa ni mwezi wa kumi."

Obadia alishusha macho kwenye vitabu. Alivihesabu upya, ingawa alikuwa amekwisha kuvihesabu.

"Mwambie mama kwamba leo, Mchungaji akimaliza ibada, mimi mwenyewe nita"

3.

MUHTASARI WA KIKAO CHA BARAZA LA WAZEE
Ajenda ya pili: Nidhamu

Dada Yusta Kyando, mjane, msusi wa vikapu, aliinuka katikati ya mahubiri na kumwonyesha kidole Mwenyekiti wa Baraza, Mzee Ngailo. Alidai kwamba Mwenyekiti amelisogeza jiwe la mpaka, na kwamba msitu wake wa mianzi sasa umo ndani ya shamba la Mwenyekiti. Alimtaja Mwinjilisti kuwa shahidi, kwa kuwa ndiye aliyeshika kamba siku ya kupima.

Mwinjilisti alipoulizwa alisema hakumbuki vizuri.

Kikao kimeazimia: Dada Yusta atengwe. Asishiriki Chakula cha Bwana. Akitaka kurudi kundini, aandike barua ya toba, isomwe mbele ya Baraza, na Mchungaji ampokee. Akifariki kabla ya hapo, asipigiwe kengele wala asizikwe na kanisa.

Kikao kilifungwa kwa sala.

Mwandishi wa kikao: Mwinjilisti O. Tweve.

5.

Wewe unayesoma, usirudi nyuma kutafuta kipande cha nne. Kimerukwa kama kilivyorukwa kwa wazee. Kaa hapa kwanza, ujue jinsi kamba inavyoshikwa Isovele.

Shamba likigombaniwa, hupimwa kwa kamba ya katani yenye mafundo. Mwenye dai hushika ncha moja. Ncha ya pili hushikwa na mtu asiye na ardhi hapo kijijini, maana asiye na shamba hana cha kupendelea. Mtu huyo hapimi wala haamui. Kazi yake ni moja tu: akiona jiwe limehama, huiachia kamba. Hasemi neno. Kamba ikigusa udongo, upimaji umekufa, na hakuna wa kumwuliza kwa nini.

Obadia aliletwa Isovele na kanisa. Hana hata tuta moja la viazi. Kwa miaka tisa, ncha ya pili imekuwa yake.

Siku ya msitu wa Yusta alifungua kazi kwa sala. Akasema amina, akafumbua macho, akaliona jiwe. Lilikuwa limekaa juu ya majani mabichi. Jiwe la miaka arobaini halikai juu ya majani mabichi.

Alibana vidole.

Akashika.

Akashika.

6.

*(Wanawake wawili, wakiosha vikombe vya chai baada ya ibada)*

"Hivi somo la nne limekwenda wapi?"

"Linaumwa."

"Linaumwa nini?"

"Linaumwa mwenyekiti."

"We! Koma! Utatengwa!"

"Nitengwe. Yusta atapata wa kuimba naye sauti ya pili."

"Yusta haimbi tena, mwenzangu. Nimepita kwake jana. Nilimwamkia, akaitikia kwa macho."

Vikombe viligongana.

7.

Mzee Ngailo alimfuata Obadia chini ya upenu, saa saba na nusu. Alizungumza kwa upole. Hakuna mtu Isovele aliyewahi kumsikia akipaza sauti.

"Nimemwona binti wa Yusta hapa."

"Ndiyo, Mzee."

"Mwinjilisti, upepo ulipoezua nyumba yako, nani alipanda juu na nyundo, na uzee huu?"

"Ni wewe, Mzee."

"Mkeo alipojifungua kwa shida, nani alimbeba kwa machela hadi zahanati?"

"Ni wewe, pamoja na wanao."

"Sikukumbushi ili unilipe. Nakukumbusha kwamba sisi ni ndugu." Alimshika bega. "Mwache mgonjwa apumzike. Mungu anazijua barua zote, hata ambazo hazijasomwa."

Ndipo Obadia alipofahamu kwamba Mzee Ngailo alijua. Alijua tangu mwezi wa pili, na kwa miezi yote hiyo alikuwa ameketi mstari wa mbele, akiitikia amina kwa kila ibada na kila somo. Kwa Samweli aliitikia mara mbili.

8.

Mambo ambayo Obadia Tweve angeweza kufanya kabla ya saa nane:

a) Kumpa Mchungaji barua kwa siri. Lakini barua ya toba husomwa mbele ya Baraza, na Baraza huitishwa na Mwenyekiti.

b) Kwenda kwa Yusta kumwombea. Lakini mwinjilisti hana mamlaka ya kumrudisha mtu kundini, wala ya kushika kikombe.

c) Kusubiri miezi mitatu.

d)

9.

Saa nane kasoro dakika tano. Mchungaji Chaula alikuwa akifunga sanduku la kikombe na mkate nyuma ya pikipiki. Mzee Ngailo alimshikia mkoba.

"Baba Mchungaji," alisema Obadia.

"Naam, Mwinjilisti! Nasikia semina imefana. Samweli ameeleweka?"

"Ameeleweka."

"Na Ahabu?"

Kuku alipita kati yao.

"Ahabu…" alisema Obadia.

"Ahabu ni mrefu, Baba Mchungaji," alisema Mzee Ngailo, akitabasamu. "Muda haukutosha."

Mchungaji alicheka, akavaa helmeti, akawapungia mkono. Pikipiki iliteremka. Mlio wake ulipita shule, ukapita mashine ya kusaga, ukaanza kuwa mdogo.

Obadia alisimama na mikono yake miwili. Hakujua aiweke wapi.

Mlio ukawa mdogo zaidi.

Zaidi.

4.

Kengele ya Isovele ni ya zamani, na kamba yake hufika kiunoni mwa mtu mzima. Kwa ibada hupigwa mfululizo. Kwa msiba hupigwa pigo moja, kisha kimya cha pumzi kumi, kisha pigo jingine.

Moja.

Wanawake waliacha vikombe.

Moja.

Chini bondeni, mlio wa pikipiki ulikatika. Mchungaji haachi msiba nyuma yake. Mlio ulianza tena, sasa ukipanda.

Moja.

Walikuja wakitweta, wazee wa Baraza kati yao, wengine mikono kichwani. Mzee Ngailo alifika wa kwanza.

"Nani amefariki?"

"Hakuna," alisema Obadia.

"Unapiga kengele ya msiba, na maiti hakuna?"

"Bado."

Mtu aliguna. Mwingine alisema Mwinjilisti amechanganyikiwa, apewe maji. Obadia hakuiachia kamba hadi alipomwona Mchungaji akivuka kizingiti, helmeti mkononi. Kisha aliiachia. Ilicheza hewani, ikatulia.

Alifungua Biblia penye Wafalme wa Kwanza, sura ya ishirini na moja. Karatasi ilikuwa imelala humo miezi minane, na wino wake ulikuwa umeanza kutia alama kwenye jina la Nabothi.

"'Kwa Baraza la Wazee,'" alisoma. "'Mimi Yusta Kyando natubu kukatiza Neno la Mungu kwa hasira yangu. Kuhusu jiwe siwezi kutubu, kwa sababu jiwe lilihama. Naomba kurudi kundini. Mwulizeni Mwinjilisti. Najua ataogopa. Msije mkamtenga kwa hilo.'"

Alikunja karatasi.

"Nilishika kamba," alisema. "Niliona.

Sikuiachia."

"Mwinjilisti," alisema Mzee Ngailo, kwa upole uleule. "Umechoka. Kaa chini."

Obadia hakukaa.

Mchungaji Chaula alimtazama mmoja, akamtazama wa pili. Uso wake haukuonyesha ameamini nini. Aligeuka, akatoka, na watu wakamsikia akifungua mikanda ya sanduku.

"Kwa mama huyo ni mbali?" aliuliza kutoka nje.

"Bonde moja," mmoja wa wanawake wa vikombe alijibu. "Pikipiki haipiti."

"Basi nionyesheni njia."

10.

Ng'ambo ya bonde, Yusta alikuwa amelisikia pigo la kwanza. Midomo yake ilisogea.

"Nani?"

"Sijui, mama."

Sekela alisimama mlangoni bila kuuachia mkono wa mama yake. Kitanda kilikuwa karibu kiasi hicho. Aliona watu wakishuka kwa kufuatana kandokando ya mianzi. Wa mbele alibeba sanduku dogo kifuani. Nyuma yake alikimbia Mwinjilisti, akiteleza, akiinuka, akiteleza. Juu kabisa, mlangoni mwa kanisa, alibaki mtu mmoja ambaye hakushuka.

"Mama, wanakuja. Wamekuja na kikombe. Mama?"

Aliubana ule mkono, kidogo tu, kama walivyokuwa wakibanana tangu maneno yalipoanza kuwa mazito.

Akangoja nao umbane