Mgongo wa Ua la Cheche

Cheche alikuwa fundi wa kuchomelea mageti, na mtaa mzima ulikubali kwamba geti alilolifunga yeye, hata mwizi huliamkia. Ndiyo maana sindano ilimtia hasira. Kidude chepesi kuliko njiti ya kiberiti, na kimemtoa jasho tangu asubuhi!

Chanzo ni shuka la tarizi la ukoo wao. Bibi wa bibi wa bibi yake ndiye aliyelianza, na tangu hapo limekuwa likiruka watoto na kutua kwa mjukuu wa kwanza kufunga ndoa, mradi atarizi ua lake kwa mkono wake. Maua yalikuwa matatu, yote ya wanawake. Zamu hii ikamwangukia Cheche, dume lenye ndevu.

"Sheria haikutaja ndevu," bibi alikata shauri. "Jumamosi nione ua. Nikilipindua nikaona fundo hata moja mgongoni, shuka linakwenda kwa binti ya shangazi yako."

Cheche alikuwa amekwisha kuchomelea kitanda cha chuma kwa vipimo vya shuka hilo hilo, na alikwisha kumtambia mchumba wake. Kushindwa kulikuwa haramu.

Basi Jumamosi akakaa kwenye kigoda chumbani kwa bibi, shuka limetandazwa pajani, akashona kwa imani ya ufundi wake: mshono usiozama ni mshono bure. Akazamisha. Kila uzi aliuvuta mpaka ukalia. Na paja lililozoea kuangukiwa na moto kila siku litasikiaje ncha ya sindano? Saa sita ua likakamilika, jekundu, nene, limetuna kama shavu la mtoto aliyenuna.

Shangazi akaingia.

"Shikamoo, shangazi."

"Siku hizi shikamoo inatolewa kwa kukaa?"

"Nina kazi mkononi, shangazi."

"Kazi iko mkononi. Makalio yana nini?"

Cheche akajaribu kuinuka. Shuka nalo likainuka. Akalivuta, suruali ikaja. Jasho la pili likamtoka, baridi kuliko la kwanza. Akakaa tena, taratibu, kama mzee wa baraza.

Bibi akafika na miwani yake. "Haya, baba. Pindua."

"Bibi, tuliache kwanza lipoe."

"Lipoe? Hilo ni ua au ni geti?"

Hapakuwa na pa kukimbilia. Cheche akasimama wima, kidevu juu, na shuka la mabibi likamning'inia pajani kama bendera siku isiyo na upepo. Shangazi alicheka mpaka akajikuta sakafuni.

"Mama! Mjukuu wako amejitarizi mwenyewe! Nipe shuka nimpelekee binti yangu."

"Binti yako ana mchumba?"

"Hana, lakini ana vidole."

"Na mimi vidole ninavyo!" Cheche akafoka. "Nani hapa anaweza kuling'oa hilo ua? Ajaribu!"

Shangazi akajaribu, kwa kucha, kisha kwa meno. Uzi haukutikisika. Bibi naye akavuta, akaguna. Kisha akafungua saraka, akatoa mkasi.

"Bibi, pole pole, hapo ni karibu na…"

"Tulia. Nilikuogesha mimi."

Akaikata suruali kulizunguka ua, kr, kr, kr, mpaka shuka likaachana na mtu. Akalitandaza kitandani, akalipindua. Mgongoni palikuwa na duara la kaki, laini, limebana barabara na kufunika kila kilicho chini yake.

"Unaona fundo?" akamuuliza shangazi.

"Huo si mgongo, mama! Hiyo ni suruali!"

"Sijakuuliza kitambaa. Nimekuuliza fundo."

Shangazi akainama. Akatazama kwa jicho la kulia, akatazama kwa la kushoto, akapapasa.

"Fundo silioni," akasema hatimaye, kwa uchungu wa mtu anayeng'olewa jino.

"Basi limekwisha. Chukua shuka lako, baba, uondoke. Unanionyesha paja bila sababu."

Ni kweli: tundu la suruali lilikuwa kubwa kama sahani. Cheche akajifunga shuka kiunoni, maua manne yakizunguka mapaja, akashika njia katikati ya jua la mchana. Pale kona, mshona viatu akainua kichwa, nyundo ikabaki hewani.

"Fundi! Hiyo sketi umeipata wapi?"

"Nimeirithi," akajibu Cheche, na hakupunguza mwendo.