Ndoo ya Mlango

Kila nyumba ina mnafiki wake, na katika nyumba ya Mzee Sponji mnafiki alikuwa mlango wa gereji. Asubuhi ulipanda juu kwa mkono mmoja, mpole kama mwari. Jua likishapita utosini, mlango ule ule ulivimba, ukajibana kwenye fremu, na hata wanaume wawili wenye vifua vyao wasingeuinua. Ulikuwa wa chuma kizito, rangi ya kahawia iliyokolea, na uliangalia magharibi. Katika nchi ile ya jangwa, jua la alasiri halina haya wala huruma.

Watu wa nyumba walishauzoea. Chini ya bomba la uani ilikaa ndoo ya bluu ambayo haikuwa na kazi nyingine yoyote duniani. Mlango ukibana, unaumwagia maji, unachachatika kama kikaango kilichotiwa kitunguu, unasinyaa, unafunguka. Mgeni akistaajabu, Mzee Sponji humwambia, "Na wewe ungesimama juani tangu asubuhi ungeomba maji." Wakacheka, maisha yakaendelea. Hakuna aliyewahi kusema kwamba mlango unaohitaji kuogeshwa ndipo ufunguke ni mlango mbovu.

Mzee alikuwa fundi makochi. Jina la Sponji alipewa na wateja, maana hakuwahi kutoka gerejini bila chembe za sponji kwenye nywele na nyusi. Humo ndimo ilimokuwa karakana yake: cherehani, marobota ya vitambaa, mifupa ya viti iliyosubiri nyama. Gereji haikuwa na mlango mwingine, ila kidirisha cha juu chenye nondo.

Halafu ikaja siku bomba lilipokauka mtaa mzima. Mzee alikuwa ameshusha mlango ili vumbi lisiharibu kitambaa cheupe cha mteja, kazi ikamnogea, akasahau jua. Alipotaka kutoka, mlango ulikuwa umeshavimba. Ndoo ikaletwa, tupu. Kaka, mtoto wa kwanza, alifika mbio kutoka kazini, akamsikia baba yake akiita kwa sauti iliyozidi kufifia, kisha asimsikie tena. Alikishika chuma kile cha moto kwa mikono mitupu, huku akichokonoa kwa jeki ya gari, mpaka mlango ukapinda. Baba alitolewa midomo imepasuka, akizungumza na watu ambao hawakuwepo. Hospitali ikamrudisha mzima. Viganja vya Kaka navyo vilipona, lakini ngozi yake mpya ilibaki nyororo na yenye kung'aa kama ya mtoto, na tangu siku hiyo alizoea kuiweka mikono mifukoni.

Wiki ile ile Baba aliporudi nyumbani yakaletwa matofali. Yalipangwa uani, mbele ya gereji.

"Naiziba," Kaka alisema. "Baba kafanya kazi ya kutosha. Apumzike."

Baba alikaa sebuleni, akila nusu ya alichopakuliwa, na vidole vyake vikitembea peke yake kwenye mishono ya kochi, vikitafuta uzi uliolegea. Aliyeviona vidole hivyo ni Kitinda, kitindamimba wa nyumba, mwalimu wa chekechea. Alikuwa na sauti ndogo kiasi kwamba kwao walimtania kuwa akipiga kelele, inzi ndiyo kwanza anapata usingizi. Kitinda alitazama vidole vya baba yake, akatazama matofali, akaona kuwa siku ukuta ule ukisimama hawatakuwa wameiziba gereji. Watakuwa wamemziba mzee.

Akapiga moyo konde. "Kaka, tumtafutie mlango mwingine. Mlango wa jua hili."

"Mlango ni mlango, Kitinda."

"Si kweli. Ule haukuwa mlango, ulikuwa mtego."

Kaka aliyageukia matofali yake. "Sawa," akasema mwishowe. "Lakini sikiliza. Siku ya kwanza ya jua kali, mchana kweupe, nitaujaribu. Ukibana hata kidogo, nachanganya saruji jioni ile ile. Na usinililie."

Basi wakaenda dukani, watatu. Muuza milango alikuwa mama mnene mwenye ulimi mwepesi, na duka lake lilikuwa na kiyoyozi kilichovuma kama mjomba aliyeshiba. Vipande vya sampuli vilisimamishwa ukutani, vya kila aina na kila rangi.

Baba alikwenda moja kwa moja kwenye mbao. Aliipapasa kama mtu aliyekutana na ndugu. "Mbao haina kinyongo," alisema.

"Haina kinyongo, ila ina kiu," mama akamjibu. "Kwa ukavu huu itapasuka kama kisigino, baba yangu. Labda uwe unaipaka mafuta kila mara."

"Huyu?" Kaka akaguna. "Mwenyewe hajipaki, ataupaka mlango?"

"Basi chuma hiki cha kahawia," akasema Baba, akijifanya hakusikia. "Vumbi halionekani."

"Baba!"

"Nauliza tu."

Kaka alikuwa na dosari kwa kila kimoja: hiki chepesi, upepo utakichukua, hiki kizito, kitaua mtu, hiki kina mdomo kama wa kasa, kitabana vidole. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na Kaka siku hiyo aliona unyasi duka zima. Kitinda alipita nyuma yao, akigusa kipande kimoja baada ya kingine. Vyote vilikuwa baridi. Hata kile cha kahawia kilikuwa baridi kama mtungi. Hapo ndipo alipoelewa kilichokuwa kikimsumbua tangu waingie: kwenye ubaridi wa kiyoyozi kila mlango ni mtakatifu.

"Naomba tuvitoe nje," akasema.

"Sema tena, mwanangu, hiki kidude kinakumeza," mama akasema, akionyesha kiyoyozi.

Kitinda alivuta pumzi. "Naomba tuvitoe nje! Juani!"

Duka zima likageuka. Wateja wawili, karani, hata Kaka. Masikio ya Kitinda yaliwaka moto, akatamani sakafu ipasuke immeze, lakini maneno yalikuwa yameshatoka. Mama wa duka alimtazama, akacheka kifuani. "Wenzako huchagua rangi. Haya, vitoeni."

Vipande vikaegemezwa ukutani nje, uso kwa jua. Wao wakakaa kivulini, wakanywa maji, Baba akamkosoa mama ushonaji wa kiti cha dukani kwake mpaka akapewa kazi ya kukishona upya. Jua lilipokuwa limefanya lake, Baba akainuka kujaribu. Hakutumia kiganja. Kiganja cha fundi ni kigumu, hudanganya, ndiyo maana alizoea kupima vitambaa kwa shavu. Akainamia upande wa nyuma wa kile cha kahawia, na kabla shavu halijafika akaruka nyuma.

"Kinatema moto!"

Cha alumini tupu, akakunja uso. Cha mbao, akatikisa kichwa kwa huzuni, akakiacha. Mwisho akafika kwenye kipande kinene cha rangi ya maziwa, akaweka shavu nyuma yake, akatulia. Akaendelea kutulia.

"Umelala?" Kaka akauliza.

"Kimya. Nasikiliza." Akakigonga kwa kifundo cha kidole. Hakikulia kama bati, kilijibu kwa sauti nene, ya mtu aliyeshiba. Baba akakigeuza, akachungulia ukingoni palipokatwa, akaona: bati jembamba huku, bati jembamba kule, na katikati povu gumu, jeupe, lililojaa pomoni. Mara akaanza kucheka, kicheko ambacho Kitinda hakuwa amekisikia tangu hospitali.

"Jamani! Wameutia sponji! Hii si ni kazi yangu hii? Huu si mlango, hili ni kochi lililosimama!"

"Povu ndilo linalozuia joto lisipite," mama akaeleza, akicheka naye. "Na rangi hii nyeupe nyeupe inalirudisha jua lilikotoka. Halafu mlango wenyewe si kipande kimoja. Ni mbao nne zilizoungwa kwa bawaba, kila moja ina nafasi yake ya kutanuka, na chini kuna mpira wa kuzuia vumbi."

"Mbao tena?" Kaka akadakia.

"Namna ya kusema, baba. Vipande vinne."

Kitinda alisubiri vicheko vipoe. Lilikuwa limebaki swali moja, na hilo alilisema bila kuhimizwa. "Na aliye ndani? Anafunguaje?"

Mama aliacha kucheka. Akamwonyesha mpini wa ndani, usiotaka ufunguo wala nguvu, na springi zinazobeba uzito wote. Akamwambia Kaka ajaribu kwenye mlango wa maonyesho uliofungwa dukani. Kaka alisogea hatua moja, akarudi. Mikono ilibaki mifukoni. Kitinda ndiye aliyeujaribu, ukapanda kama pazia.

Mafundi walipoufunga ule wa rangi ya maziwa pale gerejini, mtaa ulikuja kuutazama. Kisha likaja lile jua lenyewe, la kupika mawe. Kaka hakwenda kazini. Baada ya chakula cha mchana Baba aliingia gerejini na kochi la kumalizia, akaushusha mlango, na Kaka akaketi juu ya matofali yake, mbele yake ndoo ya bluu iliyojaa hadi ukingoni. Mkewe alimtania kutoka kivulini, "Mume wangu, leo unaoga uani?" Hakucheka.

Ikafika saa ambayo mlango wa zamani ulikuwa ukivimba. Ikapita. Kaka akasimama, akagonga.

"Baba! Fungua sasa."

Kimya.

"Baba!"

Kimya tena. Kitinda aliona rangi ikimtoka kaka yake usoni, akausogelea mlango. Je, kama ni yeye, kwa ubishi wake wa mara moja maishani, aliyemrudisha baba yao kwenye tanuri? Kaka aliinua ndoo, kisha, kama mtu asiye na muda tena wa kuogesha mlango, akayamwaga maji yote pembeni, akaushika mpini wa nje kwa mkono mtupu.

Mlango ukapanda. Haukulia, haukubishana, ulipanda hadi juu kana kwamba ulikuwa ukingoja kuambiwa.

Ndani, juu ya kochi lililoshonwa nusu, Mzee Sponji alikuwa amelala chali, mdomo wazi, sindano kifuani, akikoroma. Mwanga ulipompiga usoni akafumbua jicho moja.

"Fungeni mlango! Mnaniingizia joto!"

Mke wa Kaka alicheka hadi akakaa chini. Kitinda naye alicheka, machozi yakimtiririka, bila kujali nani anamwona. Baba aliketi, akawashangaa, kisha akaelewa, akajikuna nyusi zilizojaa sponji. "Nisameheni, wanangu. Mmenifanyia chumba kizuri mno."

"Na haya matofali?" mke wa Kaka akauliza.

"Mnijengee kibaraza. Wateja wangu wasisubiri wamesimama."

Kaka aliingia, akaushusha mlango hadi kifuani, akaweka kiganja chake chenye ngozi mpya upande wa ndani, akakiacha hapo muda mrefu. Kisha akatoka, akaenda bombani, akajaza ile ndoo, akainama akanawa uso. Alinawa mara ya pili, na ya tatu, kama mtu mwenye vumbi la safari ndefu.

Kitinda akageuka, akajifanya anayahesabu matofali. Alijua, kuliko yeyote katika nyumba ile, namna mtu anavyotaka kuachwa asionekane.